Jibu: Mwaka ulio juu ya jengo la Main Street, Jinja, kutolingana na hati

Habari ndugu. Umeuliza uamini kipi, mwaka ulioandikwa kwenye ukuta wa mbele wa duka la babu yako au hati ya kiwanja, ambayo ni ya miaka mingi baadaye.

Anza na ukuta. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliojenga mtaa ule, hasa miaka ya 1920 na kuendelea, walikuwa na desturi ya kufinyanga jina na mwaka kwa saruji kwenye ukuta wa juu unaoficha mabati. Nilipokuwa nikichunguza jengo la jirani yangu, tarakimu ya mwisho ilikuwa imezibwa na rangi, tabaka juu ya tabaka, nikaisoma kwa kidole kabla ya kuisoma kwa macho. Pita pia uani, kwa sababu mara nyingi sehemu ya mbele ni mpya kuliko vyumba vya nyuma.

Hati ni habari nyingine. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, mali zao zilikabidhiwa bodi ya serikali, na waliorudi walirejeshewa kwa sheria ya mwaka 1982, tena wengi wao katika miaka ya 1990. Hati ya baadaye, basi, huenda ikaonyesha tu siku umiliki ulipobadilika. Omba kwenye ofisi ya ardhi jalada zima la kiwanja, si nakala ya ukurasa wa mwisho.