Sheria za chuo haziishii getini

Mkuu, nimeisoma habari yako mara mbili. Mmepigana na mwanafunzi mwenzako kwenye nyumba ya kupanga, nje ya chuo, tena likizo. Polisi wakawapatanisha, mkaondoka, na sasa umeletewa barua ya kuitwa kamati ya nidhamu. Unauliza chuo kina mamlaka gani na wewe ukiwa chumbani kwako, unapolipa kodi kwa hela yako. Mimi nimekaa pande zote mbili za meza ile: kwanza nikiwa mtuhumiwa, mwaka uliofuata nikiwa mwakilishi wa wanafunzi ndani ya kamati hiyohiyo. Kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kesi yangu ilikuwa ya simu. Mwaka wa pili, likizo ndefu, niliandika upuuzi kuhusu msichana tuliyesoma naye kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Grupu tulilifungua wenyewe, chuo hakilijui. Nilikuwa nyumbani, kitandani, saa tano usiku. Barua ilipofika nikacheka. Nikaandaa utetezi wa kurasa mbili, na zote zilisema jambo moja tu: hili halikutokea chuoni. Nilijiona wakili kabisa.

Mwenyekiti alinisikiliza mpaka nukta ya mwisho. Kisha akafungua kijitabu cha sheria, si kwenye orodha ya makosa, bali kwenye tafsiri ya maneno, ule ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Akasoma maana ya "mwanafunzi": mtu aliyesajiliwa, tangu anapoingia hadi anapotunukiwa au kuondolewa. Hakukuwa na likizo humo wala geti. Akageuza ukurasa: sheria zitatumika katika eneo la chuo, katika shughuli yoyote ya chuo popote ifanyikapo, na mahali pengine popote endapo tendo litamgusa mwanafunzi au mfanyakazi wa chuo. Kurasa zangu mbili zikaisha nguvu hapohapo. Akanisukumia skrinishoti iliyochapwa, akasema, "Isome mwenyewe, kwa sauti." Nilifika mstari wa tatu sauti ikakauka. Katibu, bila hata kunyanyua kichwa, akauliza kama zile katuni za kucheka nazo aziandike kwenye muhtasari. Aliambiwa aandike idadi. Zilikuwa nne.

Nenda kasome ukurasa huo kwenye kijitabu cha chuo chako kabla hujaandika chochote. Vyuo vingi huandika sheria zao kwa sura hiyo: sheria inamfuata mwanafunzi, haifuati kiwanja. Aliyeko kwenye mafunzo kwa vitendo yumo, na huko anabanwa mara mbili, kwa sheria za ofisi iliyompokea na za chuo. Aliyemaliza mitihani akisubiri mahafali naye kwa kawaida yumo. Wakati wangu kwenye kamati tuliwaona waliodhani wameshatoka, cheti kikazuiwa. Hata aliyehitimu zamani, ikibainika aliingia kwa vyeti vya kughushi, shahada yake inaweza kufutwa. Mgeni unayemwingiza hosteli akivunja kitu, anayeitwa ni wewe.

Lakini kamba hiyo ina urefu wake, na hapa ndipo penye kazi yako. Nje ya eneo la chuo, kamati inatakiwa kuonyesha uhusiano kati ya tendo na chuo. Mimi nilikuwa na shtaka la pili, la kukiaibisha chuo, na hilo lilianguka. Mjumbe mmoja aliuliza swali dogo tu: nani nje ya darasa aliona ujumbe huu, na jina la chuo liko wapi? Hakukuwa na jibu. Nikabaki na shtaka la kwanza, nikapewa onyo kali la maandishi na kutakiwa kuomba radhi. Kwako, kama uliyepigana naye ni mwanafunzi wa chuo hichohicho, uhusiano upo, usipoteze muda kuukana. Angekuwa jirani tu asiyehusika na chuo, ningekwambia simama hapo na usibanduke.

Na suala la polisi kuwapatanisha halikuokoi. Wengi huja na hoja kwamba mtu hahukumiwi mara mbili kwa kosa moja. Kinga hiyo ni ya mashtaka ya jinai. Kamati haitoi hukumu ya jinai, inaangalia kama umevunja masharti uliyoyasaini siku ya usajili, na kipimo chake cha ushahidi mara nyingi ni kipi kinaelekea zaidi kuwa kweli, si kuthibitisha bila kuacha shaka. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiwa mahakamani na bado akasimamishwa masomo. Mimi binafsi naona kipimo hicho ni chepesi mno pale adhabu inapokuwa kufukuzwa.

Silaha ya kweli iko kwenye utaratibu. Kuna kesi niliisoma baada ya kuingia kwenye kamati, ya Marekani. Mwaka 1960 wanafunzi weusi wa Alabama State College waliingia kwenye mgahawa uliokuwa chini ya jengo la mahakama mjini Montgomery, ambao ulikuwa hauwahudumii watu weusi, wakaomba kuhudumiwa. Chuo kikawafukuza baadhi yao bila kuwaeleza shtaka wala kuwasikiliza. Wakashtaki, na mwaka 1961, katika kesi inayoitwa kwa jina la mmoja wao, Dixon, mahakama ya rufani ikasema chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi hivyo: lazima kwanza aelezwe kosa na apewe nafasi ya kujitetea. Angalia kilichokiangusha chuo. Tukio lilikuwa nje kabisa ya eneo lake, lakini hukumu ilisimama kwenye kutosikilizwa. Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1723 msomi Richard Bentley alishinda kesi Uingereza baada ya Chuo Kikuu cha Cambridge kumvua shahada zake bila kumsikiliza, na jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Mungu alimwita Adamu ajieleze kwanza.

Kwa hiyo irudie barua yako. Imetaja kifungu gani? Imeeleza tendo, siku na mahali, au imesema tu "utovu wa nidhamu"? Umepewa siku za kutosha kujiandaa? Omba kwa maandishi nakala ya malalamiko na maelezo ya mashahidi, na uliza kama unaruhusiwa kwenda na mtu wa kukusindikiza. Kama kuna mjumbe mwenye undugu au ugomvi na mmoja wenu, mtaje mapema, usisubiri uamuzi ukuumize ndipo umkumbuke. Ukisimamishwa kusubiri shauri, hiyo si hukumu bado, ila uliza itaisha lini. Na usimtumie mwenzako ujumbe wowote, hata wa kuomba yaishe. Nimeuona ujumbe wa namna hiyo ukisomwa mezani kama kitisho.

Siku za rufani mara nyingi ni chache na huanza kuhesabiwa tangu uamuzi ulipokufikia. Sasa weka hapa namba ya kifungu walichokushtaki nacho, jina lako lifiche, tukitazame.