Mzee mwenye Parkinson: angalia saa ya dawa, angalia na sahani

Kama nyumbani una mzee ambaye saa nne asubuhi anakwenda mwenyewe bandani kuangalia ng'ombe, kisha saa saba mchana hawezi kuinuka kwenye kiti, tafadhali usimwambie anadeka. Wala usikimbilie kusema amerogwa. Nimemuuguza baba yangu hapa Rungwe kwa miaka kadhaa sasa, na jambo lililotusaidia kuliko yote ni kuelewa kinachotokea kichwani mwake.

Kwake ugonjwa huu wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, ulianzia mkono wa kulia, mwezi Juni, na Juni ya Tukuyu mnaijua. Kila aliyemwona alisema ni baridi. Lakini mtu wa baridi hutetemeka mwili mzima, na akiota moto huacha. Mkono wa baba ulitetemeka peke yake ukiwa umetulia pajani. Akiunyoosha kushika kikombe, unaacha kutetemeka. Akitembea, mkono huo haukupunga kama mwenzake. Mwandiko wake ukawa mdogo, sauti ikashuka, na kabla ya hayo yote alikuwa ameshaacha kusikia harufu ya chakula. Dalili za namna hii zikikusanyika, mpelekeni hospitali akaonwe na daktari anayeyajua magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu.

Katikati ya ubongo, kwa chini, kuna seli zenye rangi nyeusi zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Dopamini hupeleka ujumbe kwenye sehemu ya ubongo inayochagua na kuruhusu mwendo: inuka, geuka, piga hatua. Seli hizo zikifa, misuli bado ina nguvu, ila ruhusa inachelewa au haifiki. Mpaka mkono uanze kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imeshakwenda. Daktari James Parkinson aliandika kuhusu ugonjwa huu mwaka 1817, lakini upungufu wa dopamini katika ubongo wa wagonjwa ulikuja kuonekana mwaka 1960, kwa kazi ya Hornykiewicz na Ehringer kule Vienna.

Dopamini yenyewe ukimpa mgonjwa haiingii kwenye ubongo. Ndiyo maana hupewa levodopa, ambayo hupenya na kugeuzwa dopamini humo ndani. Kidonge huwa kimechanganywa na kabidopa au dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, ili levodopa isigeuzwe kabla haijafika na kumletea mgonjwa kichefuchefu.

Sasa hapa ndipo penye shida kwa sisi watu wa nyanda za juu. Levodopa hufyonzwa kupitia njia zilezile zinazotumiwa na protini, kwenye utumbo na pia kwenye kuingia ubongoni. Fikiria kosta stendi ya Kabwe, Mbeya mjini: mlango mmoja, abiria wa maharage na maziwa wamejazana, na levodopa imebaki chini. Chakula chetu ni ndizi na maharage, mtindi asubuhi, mtindi jioni. Daktari alipouliza baba anakula nini na saa ngapi, mambo ya saa saba mchana yakaeleweka. Siku hizi anameza dawa kwa maji matupu, nusu saa mpaka saa moja kabla ya kula. Kichefuchefu kikimsumbua, anakula kipande cha ndizi mbivu. Maharage na nyama tumevipeleka zaidi usiku. Hatukuviondoa, maana wagonjwa hawa hukonda haraka. Parachichi na maji kwa wingi vinamsaidia choo, ambacho nacho ugonjwa hukifanya kigumu.

Dawa isiishe nyumbani. Ukiikatisha ghafla, mgonjwa anaweza kukakamaa na kupata homa kali ya kuhatarisha maisha. Akilazwa, waambieni wauguzi saa zake kamili. Waambieni pia kwamba metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya kutuliza fujo hufunga milango ya dopamini na kumrudisha nyuma. Sisi tumeyaandika majina hayo kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari lake la hospitali.

Akiganda mlangoni, miguu kama imenata sakafuni, msimvute mkono, ataanguka. Tulichora mistari ya chokaa sakafuni toka chumbani hadi chooni, naye huuruka mmoja baada ya mwingine. Mahali pasipo na mistari, mama humhesabia au humwanzishia wimbo wa kanisani, na mguu hufuata mdundo. Kugeuka, azunguke kwa upana, asijipinde papo hapo.

Kuna watakaokuletea mbegu za upupu. Ni kweli zina levodopa ya asili, na watafiti wamezipima. Lakini kiasi hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na ukiongeza juu ya vidonge anaweza kupitiliza, mwili ukaanza kujisokotasokota bila yeye kutaka. Muulizeni daktari kwanza.

Na muwe na daftari lingine la saa: amemeza saa ngapi, mwili ulifunguka saa ngapi, ulifunga saa ngapi, alikula nini. Daktari wa baba alilisoma lote, halafu akaacha idadi ya vidonge vya siku kama ilivyokuwa. Alivigawa tu upya, vidogovidogo na kwa nafasi fupi, na mchana wa baba ukarudi.