Migongano iliisha yote, na hapo ndipo nilipoharibu

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nimehamisha mradi kutoka Subversion kwenda Git. Kila nikiunganisha tawi, migongano mamia. Git ni mbovu?" Git na Subversion ni programu za kutunza historia ya msimbo; tawi ni mstari wa kazi unaoendelea pembeni, na mgongano ni pale pande mbili zimebadilisha mistari ileile. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali la namna hiyo niliwahi kuulizwa mbele ya timu nzima, na aliyeuliza hakuwa anaomba msaada.

Nilihamisha mradi wetu kwa git svn, chombo cha Git cha kuvuta historia ya Subversion, wikendi nzima. Historia ikaingia yote, nikatamba. Jumatatu nikaunganisha tawi la kwanza na shina, yaani mstari mkuu wa mradi: faili zaidi ya 200 zinagombana, nyingi kwa mistari tuliyoiunganisha zamani.

Git hutafuta komiti (hifadhi moja ya mabadiliko) ambapo matawi mawili yaliachana, halafu inalinganisha kuanzia hapo. Subversion nayo ilianza kuweka kumbukumbu za miunganisho katika toleo la 1.5, mwaka 2008, na mradi wetu ni mkongwe kuliko hapo. Miunganisho yetu ikaingia kama komiti za kawaida, zenye mzazi mmoja, yaani bila alama kwamba matawi mawili yalikutana. Kwa Git, matawi yale hayakuwahi kukutana tena.

Basi nikafanya ujinga. Nilidokoa mahali habari za amri ya git merge -s ours, nikaipiga kwenye ncha ya tawi, komiti yake ya karibuni kabisa. Kimya! Hakuna mgongano hata mmoja, nikalala usingizi wa mshindi. Kumbe amri ile hurekodi kwamba umeunganisha, huku ikiacha nje mabadiliko yote ya upande wa pili. Na kwenye ncha ile kulikuwa na kazi ya mwenzangu ya wiki tatu. Aligundua mwenyewe, mbele ya mteja. Komiti zake zilikuwepo bado, tukazirudisha, ila swali lake, "huku ndiko kuhama kwenyewe?", nalisikia mpaka leo.

Kwa hiyo tangulia na git merge-base, amri inayotaja komiti ambapo Git inaona matawi yaliachana. Ikikutajia komiti ya miaka ya nyuma ilhali mliunganisha mwezi jana, simama. Tafuta komiti ya mwisho ya tawi iliyokwisha kuingia shinani, upige -s ours kwenye hiyo, narudia, hiyo, si kwenye ncha. Ndipo uunganishe ncha kama kawaida. Safari ya pili nilibakiwa na migongano minne, yote ya haki.

Vijana mnapenda amri za kunyamazisha makelele. Mgongano ukitoweka ghafla, fungua tofauti za faili usome, hata kama ni usiku. Na wewe uliyeniandikia, nitumie kwanza jibu la merge-base.