Kabla hujanukuu kitabu kuhusu dini ya jirani

Nilipokuwa nasoma masomo ya dini chuoni, niliingia duka la viungo mtaa wa Kisutu, Dar, nikaanza kumweleza mzee mwenye duka, Mhindu tangu kuzaliwa, Ramakrishna, mtakatifu wa Kihindu wa huko Bengal, India, aliyezungumza Kibengali, alikuwa nani. Aibu ile bado ninayo.

Nilikuwa nimetoka kumaliza Kali's Child, kitabu cha mwaka 1995 cha Mmarekani Jeffrey Kripal. Kinadai maono ya Ramakrishna, kuhani wa mungu wa kike Kali, aliyefariki 1886, yalitokana na hamu ya kimapenzi kwa wanaume. Mzee aliendelea kupima manjano.

"Mwanangu, Kibengali unakijua?"

"Sikijui, mzee."

"Hata mimi. Mimi Mgujarati. Ndiyo maana nimenyamaza."

Basi ushauri wangu ni huu: ukisoma kitabu cha namna hiyo, tafuta kwanza jibu la wanaoijua lugha ya huyo anayeelezwa. Mwaka 2000 Swami Tyagananda, mtawa wa shirika la Ramakrishna aliyeko Boston, alikilinganisha kitabu kile na maandishi ya Kibengali, neno kwa neno. Chukua neno "kol". Kripal aliliona lina harufu ya ngono. Tyagananda akajibu kwamba huko Bengal kol ni pale mama anapomweka mtoto. Sisi tuna kupakata. Ukisema bibi alikupakata, nani atawaza jingine?

Kripal alikubali baadhi ya makosa ya tafsiri, hoja yake kuu hakuiacha. Wala si kila alichosema kilikuwa ovyo. Alidai kuna maneno yaliyofichwa kwenye tafsiri, na kweli, aliyetafsiri mazungumzo ya Ramakrishna kwa Kiingereza mwaka 1942 alikiri mwenyewe kuacha kurasa chache, eti hazina maana kwa msomaji wa Kiingereza. Ukiambiwa hivyo, zisake hizo kurasa!

Mahakamani usikimbilie. Mwaka 2014 Penguin ya India, baada ya kushtakiwa, ilikubali kukiondoa sokoni kitabu cha msomi Mmarekani Wendy Doniger kuhusu Uhindu, The Hindus. Hakuna mstari uliosahihishwa, na mwaka uliofuata mchapishaji mwingine wa huko huko akakitoa upya.

Nilirudi dukani na jibu la Tyagananda, nimelichapa. Mzee akavaa miwani, akafika kwenye kol, akacheka.

"Sisi tunasema kholo," akasema, akajipiga mapajani, akarudi kwenye mizani yake.