Muulize Fundi: Betri inakufa, injini inazima ikipata moto

Safari hii karibu maswali yote ni ya pikipiki za zamani, zile za kabureta ambazo waya zake zishaguswa na mafundi wengi. Nimechagua manne.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina pikipiki ya zamani, injini ndogo, ina self na kiki. Betri ilikufa nikanunua mpya, nayo ikafa, nikanunua nyingine, sasa hii nayo asubuhi nikibonyeza self inalia tu tik tik tik haizungushi injini, mpaka nipige kiki. Fundi mmoja anasema tubadilishe rektifaya, mwingine anasema magneti imeungua. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama kaka. Msikilize yule atakayetoa mita kwanza. Kama wote wawili wameangalia kwa macho tu wakakwambia nunua hiki nunua kile, basi hakuna anayejua, wanabahatisha kwa hela yako. Multimita ya kawaida kabisa inatosha kwa hii kazi. Kwa kifupi, magneti inazalisha umeme injini ikizunguka, na rektifaya inaugeuza na kuudhibiti kabla haujafika betrini.

Anza na betri yenyewe. Pikipiki ikiwa imelala usiku mzima pima volti pale betrini: 12.6 mpaka 12.8 imejaa, 12.2 iko kama nusu, chini ya 12 hiyo ni tupu, ipeleke ikachajiwe kabla hujapima kingine chochote maana betri tupu itakuharibia vipimo vyote vinavyofuata. Ikishajaa bonyeza self huku macho yako kwenye mita. Ikiporomoka mpaka 9 au chini ya hapo, betri imechoka au mota ya self inakula umeme kupita kiasi. Ila kama mita inabaki 12 na kitu na bado ni tik tik tu, betri haina kosa, umeme upo ila haufiki kwenye mota. Hapo angalia relei ya self (swichi inayopeleka umeme mzito kwenye mota) na waya wa ethi, yaani ule wa hasi unaofungwa kwenye injini au fremu.

Huo waya wa ethi watu wengi wanauruka kwa sababu ukiuangalia kwa juu unaonekana umekaza vizuri. Fungua ile bolti, geuza kichwa cha waya uangalie upande wa chini, kwenye pikipiki ya miaka mingi mara nyingi utakuta ungaunga wa kijani na rangi ya fremu imejibana katikati. Kupima ni rahisi: ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, bonyeza self. Isizidi volti 0.3 hivi. Ukisoma volti 1 au zaidi, piga msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, paka grisi kidogo juu.

Haya, sasa chaji. Washa injini, mita iwe betrini, piga resi ya katikati. Inatakiwa ipande mpaka 13.5 hadi 14.5 hivi na itulie hapo. Ikipanda mpaka 15 na kuendelea, rektifaya imeshindwa kudhibiti, inachemsha betri, na hiyo ndo inaua betri mpya moja baada ya nyingine huku ikiunguza na balbu. Isipopanda kabisa, fuata waya zinazotoka kwenye magneti mpaka kwenye soketi yake. Kama ni zile tatu, mara nyingi za njano, chomoa soketi uiangalie kwa karibu kabla ya mita: plastiki ikiwa imegeuka kahawia au pini moja imeyeyuka ikalala upande, umeshapata mgonjwa na wala hujabadilisha spea. Kama soketi ni safi, weka mita upande wa volti za AC, washa injini, pima kati ya waya na waya, mara tatu. Namba zote zifanane na zipande pamoja na resi. Moja ikiwa chini sana, koili za magneti zimeungua. Injini ikiwa imezimwa pima pia kila waya na chuma cha injini upande wa ohm, kusiwe na mawasiliano. Vyote hivyo vikiwa sawa, na waya za kutoka rektifaya kwenda betrini nazo ni nzima, ndo nunua rektifaya.

Angalizo hapa, pikipiki nyingi ndogo hazina hizo waya tatu, koili yake upande mmoja umefungwa kwenye injini kabisa tangu kiwandani, kwa hiyo mita ikilia ukipima na chuma usiseme imeungua. Na kwenye nyingi za namna hiyo taa kubwa inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye magneti, ndo maana inafifia ukiachia resi. Huo sio ugonjwa.

Kama chaji iko vizuri na bado inaamka imekufa, kuna kitu kinanyonya usiku. Zima swichi, toa waya wa hasi, weka mita upande wa ampea (anza na tundu la 10A) kati ya huo waya na betri, na usijaribu kubonyeza self hapo utaua mita. Pikipiki ya zamani isiyo na alamu wala saa inatakiwa isome sifuri au karibu na sifuri. Ukiona inasoma, chomoa rektifaya. Namba ikianguka hapo hapo, ndiyo mwizi. Halafu ukiwa unatoa betri anza na hasi, ukirudisha malizia na hasi, spana ikigusa fremu wakati unafungua chanya utaona cheche ambazo hutazisahau.

SWALI: Shikamoo fundi. Yangu asubuhi inawaka kiki moja, natembea vizuri, ila ikishapata moto inaanza kumisi halafu inazima yenyewe. Nikikaa pembeni ikapoa inawaka kama hakuna kilichotokea. Plagi ni mpya, kabureta imeoshwa. Nateseka kwa kweli.

JIBU: Marahaba. Ukifika kwa fundi imeshapoa, kila kitu kinafanya kazi, mnaangaliana tu. Kwa hiyo vipimo vyote fanya pale pale ilipozima, ikiwa bado ya moto. Beba plagi ya ziada na spana yake.

Ikizima tu, kabla ya yote fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia fyuuu hewa inaingia, katundu ka kupumulia kwenye mfuniko kameziba, mafuta yanashindwa kushuka. Zibua hako katundu.

Kama hakuna fyuuu, vaa ile plagi ya ziada kwenye kepu, ilaze chuma kwa chuma juu ya kichwa cha injini, mbali na tundu la plagi na mafuta, piga kiki. Hakuna cheche au ni nyekundu dhaifu? Basi ni umeme: pulsa koili (inayotoa ishara ya lini cheche ipigwe), koili ya plagi au CDI (kiboksi kinachopokea ishara hiyo na kupiga cheche), na mi ningeanza na zile koili mbili kwa sababu waya wake mwembamba ndani ukikatika unaweza kugusana ukiwa baridi na kuachana ukipata moto. Pima ohm ikiwa baridi, pima tena ikiwa ya moto. Ikipanda kidogo ni kawaida ya shaba, ila ikiruka mpaka kusikosomeka imekufa. CDI haipimiki vizuri kwa mita, azima ya pikipiki kama yako ujaribu kabla ya kununua.

Cheche ipo nzuri na mafuta yapo? Angalia tapeti. Valvu zikilika zinapanda juu kidogo kidogo, ile nafasi kati ya valvu na roka (mkono unaoisukuma) inapungua mpaka inaisha, injini ikipata moto valvu haifungi sawasawa na kompresheni inakimbia. Utaisikia kwenye kiki, inakuwa laini. Injini ndogo nyingi zinataka milimita 0.05 mpaka 0.10, namba kamili iko kwenye kitabu cha pikipiki yako, na inasetiwa injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T ya kwenye magneti ikiwa imelingana na pistoni iko juu kwenye kompresheni, yaani roka zote mbili zinacheza ukizitikisa. Watu wanapenda injini kimya, wanakaza mpaka isisikike kabisa. Tapeti inayogonga kwa mbali haikuharibii kitu, hiyo ya kimya ndo inaunguza valvu.

SWALI: Fundi, fyuzi yangu inakatika nikikata kona, sio kila kona, zingine tu. Jamaa kaniambia niweke ya ampea kubwa zaidi, au nifunge karatasi ya sigara. Ni sawa?

JIBU: Hapana dada, usithubutu. Fyuzi ikigoma kukatika itakayoungua ni waya, na juu ya hizo waya kuna tanki la mafuta.

Ukikata kona usukani unavuta waya, kwa hiyo tafuta pale shingoni, nyuma ya taa kubwa, waya zinapopita kwenye fremu. Toa fyuzi, mahali pake unga balbu ya volti 12. Zima taa na kila kitu unachoweza, washa swichi. Shoti ikiwepo balbu itawaka sana bila kukata chochote. Sasa geuza usukani taratibu huku na huku, shika waya moja moja uzitikise, pale balbu inapowaka ghafla au kuzimika ndipo penyewe. Utakuta mpira umechubuka, shaba inachungulia. Funga vizuri na uache waya ina ulegevu kidogo.

SWALI: Mkuu mi fupi tu. Nimebadilisha oili, sasa nikipiga resi injini inalia juu ila pikipiki haiendi, hasa mlimani. Klachi imeisha?

JIBU: Labda haijaisha. Umeweka oili ya gari? Baadhi zina dawa ya kupunguza msuguano, na sahani za klachi yako zinaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, zinateleza. Imwage, weka iliyoandikwa JASO MA au MA2, hicho ni kiwango cha oili za pikipiki zenye klachi inayoogelea kwenye oili. Kabla ya hapo cheki kebo, ncha ya mkono wa klachi icheze milimita 10 mpaka 20 kabla haijaanza kuvuta, ikiwa imekaza muda wote klachi inabaki imefunguka nusu. Ukibadilisha oili, kebo ikawa sawa, na bado inateleza baada ya kutembea kidogo, fungua kava upime unene wa sahani, na springi zake usizisahau.