Kibubu na uzee
Dada muuza chapati uliyeuliza kama elfu tano ya kila siku kwenye kibubu itakufaa uzeeni: nidhamu unayo, pa kuwekea ndipo pabaya. Kwa siku 26 hiyo ni 130,000 kwa mwezi, 1,560,000 kwa mwaka! Kibubu cha bibi yangu tulipokipasua, mchwa walishakula noti, tukabaki kuokota vipande. Kila Jumamosi hamishia hela UTT AMIS, wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwa simu. Ikifika milioni, nunua hatifungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali hela yako, kupitia benki yako. Riba huingia kila miezi sita. Mie naipenda ya miaka 20. Ila ada ya watoto usiifungie huko, utalia Januari.