Kimbunga kinapokuja Kilwa: usihesabu saa ya kitovu

SWALI: Mtaalamu, asalaam aleikum. Mimi ni nahodha mstaafu hapa Kilwa Masoko, na nina mashua mbili na boti moja la faiba ambazo vijana wangu wanavulia. Mwaka 2021 tuliambiwa Kimbunga Jobo kinakuja, tukapandisha vyombo, na hakikutufanya kitu. Mei 2024 kilipotangazwa Hidaya, wengine wakapuuza kwa sababu hiyo hiyo, tena mstari kwenye ramani za simu ulikuwa unaelekea Mafia, si kwetu. Lakini tulipata tabu kuliko tulivyotarajia. Naomba kujua ramani hizo zinasomwaje, na ni muda gani hasa kabla ya kimbunga mtu aache kila kitu akapandishe vyombo. Tena, wazee walikuwa wakisema upepo wenyewe humwambia nahodha kimbunga kiko upande gani. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam, na shikamoo, Nahodha. Nianze na ramani, kwa kuwa ndiyo iliyowapotosha wengi. Mstari unaochorwa katikati ya ramani ya kimbunga unaonyesha jambo moja tu, nalo ni njia inayokadiriwa kupitiwa na kitovu, wakati kitovu chenyewe ni nukta ndani ya kitu chenye upana wa mamia ya kilomita. Lile umbo linalotanuka kama faneli kadiri linavyokwenda mbele, ambalo watu hulidhani ni eneo litakalopigwa, si upana wa upepo hata kidogo: ni eneo ambamo kitovu kinatarajiwa kubaki kwa kuzingatia makosa ya utabiri wa miaka iliyopita, na kwa jinsi linavyokokotolewa, takriban mara moja kati ya tatu au nne kitovu hutoka nje yake. Utabiri wa siku tatu mbele ukikosea mahali pa kitovu kwa kilomita 150, sisi wa fani hii hatuuiti utabiri mbaya. Sasa pima mwenyewe. Kutoka Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, hadi Kilwa Masoko, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 110 hivi, kwa hiyo siku tatu kabla ya tukio, mstari unaopita juu ya Mafia na mstari unaopita juu ya Kilwa ni utabiri mmoja uleule.

Lipo jambo la pili ambalo ramani nyingi hazilionyeshi kabisa. Katika nusu ya kusini ya dunia, upepo wa kimbunga huzunguka kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kimbunga kinapotoka mashariki kuja pwani yetu, upepo ulio kaskazini mwa kitovu hutoka bara kwenda baharini, na ule ulio kusini mwake hutoka baharini kuja bara, tena ukiwa umeongezewa nguvu na mwendo wa kimbunga chenyewe. Ndiyo maana maji yanayosukumwa ufukweni, na kwa kawaida upepo mkali zaidi, huwa kusini mwa mahali kitovu kinapoingilia. Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimekwisha kupungua nguvu, nanyi Kilwa mko kusini mwa Mafia, upande mbaya. Kwa kulinganisha, Kenneth cha tarehe 25 Aprili 2019 kiliingia nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, kikiwa na upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa, mahali pasipofika kilomita 250 kutoka Mtwara. Mtwara ilikuwa imejiandaa na haikupata maafa, na mojawapo ya sababu ni kwamba ilikuwa upande wa kaskazini. Ningekuwa na mamlaka, ningeagiza kila ramani ya kimbunga inayotolewa kwa pwani hii ipakwe wino mwekundu upande wa kusini wa mstari.

Swali lako la muda ndilo lililo zito, na jibu langu ni kwamba usihesabu saa ya kitovu kufika, bali saa ambayo kazi ya ufukweni haitawezekana tena, kisha urudi nyuma. Nitakupa mfano wa kubuni. Tuseme taarifa inasema kitovu kiko kilomita 400 mashariki mwa Kilwa, kinakwenda magharibi kwa kilomita 15 kwa saa, na upepo wa kilomita 63 kwa saa au zaidi umeenea hadi kilomita 150 kutoka kwenye kitovu. Ukigawanya 400 kwa 15 unapata saa 26 na ushei, na hiyo ndiyo hesabu inayopigwa barazani. Lakini upepo huo wa kilomita 63 utakufikia kitovu kikiwa bado kilomita 150 baharini, yaani baada ya saa 16 na dakika 40 hivi, na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ambao unatosha kuinua mawimbi ya kuwashinda watu sita wanaovuta boti la faiba, hutangulia tena. Tukiuweka kilomita 200 kutoka kwenye kitovu, zimebaki saa 13. Hapo kumbuka kwamba taarifa inayokufikia saa sita mchana kwa kawaida inaeleza mahali kimbunga kilipokuwa saa tatu asubuhi, hivyo saa tatu zimekwisha kuliwa na zilizobaki ni 10. Jua linazama saa kumi na mbili na dakika kadhaa, kwa hiyo zenye mwanga ni sita. Na ndani ya hizo sita unahitaji maji kujaa ili chombo kisivutwe nusu kilomita kwenye tope. Kama ni bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya au mpevu, maji yatajaa mnamo saa kumi alasiri na una bahati. Kama ni maji mafu, yaani maji madogo ya mwezi nusu, yalijaa mnamo saa nne asubuhi, kabla hujaisoma taarifa. Zile saa 26 za barazani hazipo.

Kwa hiyo kanuni ninayowapa manahodha ni hii: kimbunga kikiwa na nafasi ya kukufikia ndani ya siku mbili, na wewe uko ndani ya faneli au kusini mwake kidogo, pandisha vyombo kwenye maji kujaa ya mchana yanayofuata, bila kungoja taarifa ya jioni ije ikuhakikishie. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na rangi zake ni njano, chungwa na nyekundu. Kwa mwenye chombo, rangi ya chungwa ndiyo siku ya kazi; nyekundu ni siku ya kuwa ndani ya nyumba imara.

Mkisoma taarifa za kituo cha kanda kilichopo La Réunion, ambacho ndicho chenye dhamana ya vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, zingatieni kwamba saa zake ni za Greenwich, na kwetu huongezwa tatu, na kwamba noti moja ya upepo ni kilomita 1.85 kwa saa. Msishangae pia takwimu za jeshi la Marekani zikizidi za La Réunion kwa kimbunga kilekile, maana wao hupima wastani wa dakika moja na La Réunion wastani wa dakika 10. Mpulizo wa ghafla, ambao ndio unaong'oa mabati, huzidi hata namba hizo zote.

Kuhusu maji ya bahari, mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali moja, ambayo ndiyo kipimo chake, bahari huinuka kwa sentimita moja hivi. Kitovu chenye hektopaskali 950 mahali penye kawaida ya 1010 kinainua maji kwa sentimita 60, na upepo unaosukuma maji kwenye ghuba yenye kina kifupi unaweza kuongeza zaidi ya hapo. Hata hivyo, kwenye pwani yenye tofauti ya mita tatu na zaidi kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua, swali kubwa ni kimbunga kimekuja na maji gani. Mwezi ulikuwa robo ya mwisho tarehe 1 Mei 2024 na mwezi mpya ulikuwa tarehe 8, kwa hiyo Hidaya kilikuja maji yakiwa bado karibu na mafu. Nasisitiza hili kwa sababu nimesikia watu wakisema, "Maji ya Hidaya yaliishia hapa," wakionyesha jiwe fulani ufukweni kana kwamba ni mpaka. Kimbunga kilekile kingekuja siku tano baadaye, jiwe hilo lisingeonekana.

Basi chombo kipandishwe kupita alama ya takataka za bamvua kubwa, kwa angalau mita moja na nusu ya mwinuko, na si ya urefu wa ufukwe. Shusheni tanga na foromali, ule mti unaoshika tanga, ondoeni mashine na tangi la mafuta, laza mlingoti ikiwezekana, na boti la faiba litiwe maji ya kutosha kulifanya zito, kwa maana boti tupu hurushwa na upepo kama karai. Mashua kubwa isiyovutika ipelekwe ndani ya hori la mikoko, ifungwe kwa kamba ndefu pande zote nne, ikiachiwa ulegevu wa kupanda na maji. Iliyofungwa kwa ufupi gatini hujivunja yenyewe. Na asibaki mtu ndani kuilinda.

Sasa wazee. Walikuwa wakisema kweli, na kanuni yao inafundishwa vyuoni hadi leo: kwa upande wetu wa dunia, ukiupa upepo mgongo, kitovu kiko mkono wako wa kulia, mbele kidogo. Kimbunga kinachokuja kutoka mashariki hutanguliwa kwetu na upepo wa kusini, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa Mei ndipo upepo wa kusi unapoanza, na kijana asiyefuatilia taarifa atasema ni kusi tu limewahi. Tazama linavyogeuka. Upepo ukihama kutoka kusini kwenda kusini-mashariki, kisha mashariki, kitovu kinapita kaskazini mwako na wewe uko upande wa hatari; ukihama kwenda kusini-magharibi na magharibi, kinapita kusini mwako. Ukikaa kusini palepale huku ukizidi nguvu na mgandamizo ukishuka, kinakuja juu yako, na ule utulivu wa jicho, yaani wa katikati ya kimbunga, utakapofika na kupita, upepo utarudi kutoka kaskazini kwa nguvu ileile, ukiwapata watu waliotoka kutazama mapaa.

Simu nyingi za siku hizi zina kipima mgandamizo ndani yake, na mtu anaweza kukitumia, ila ajue kwamba katika nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka wenyewe mara mbili kwa siku, ukiwa juu mnamo saa nne na chini mnamo saa kumi, kwa hektopaskali tatu hivi. Kwa hiyo linganisha na saa ileile ya jana. Upungufu wa tatu ni wa kutiliwa shaka, na wa tano si wa kujadiliwa.

Kuhusu Jobo, sitawatetea watabiri wenzangu kupita kiasi, lakini kilichokiua ni hewa kavu na pepo za tabaka za juu zilizokwenda mwelekeo tofauti, mambo ambayo hubadilika ndani ya siku moja. Kilipofika pwani karibu na Dar es Salaam kilikuwa kimebaki mabaki. Ukiweka upande wa pili wa mizani kimbunga cha Lindi cha tarehe 15 Aprili 1952, na kile kilichoangusha mikarafuu na minazi ya Unguja tarehe 15 Aprili 1872, gharama ya kuvuta vyombo vyako bure ni ujira wa siku moja.

Mvua nayo haifuati mstari wala faneli. Hidaya kiliikuta ardhi imekwisha kushiba, Rufiji ikiwa imefurika tangu Aprili, na barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Kwa hiyo mjamzito aliyekaribia kujifungua, au mgonjwa anayetegemea hospitali ya mbali, asafirishwe siku mbili kabla, siku ileile mnayopandisha vyombo. Dawa za kila siku na unga viwe vya kutosha wiki moja.

Baada ya kitovu kupita, anga huweza kuwa safi upesi, na vijana hutamani kurudi baharini kesho yake, huku mawimbi makubwa yakiwa bado yanaingia na maji ya mito yakiwa yamejaza magogo kwenye njia za vyombo. Mashua zibaki juu mpaka mamlaka itangaze kuondoa tahadhari ya baharini na wewe mwenyewe umeyaona maji kupwa mawili ya mchana, ukajua mafungu ya mchanga yamehamia wapi.